Picha Haina Mwanga Wake



Nimeombwa nizungumzie lalamiko ambalo kila mwenye kamera amelisikia, na wengi wenu mmelitoa wenyewe: picha ilikuwa safi kwenye kamera, nimeifungua kwenye kompyuta imeingia giza. Mteja naye anakuja juu: "Mbona ulinionyesha nimeng'aa, na hapa nimekuwa kama nimepigwa usiku wa manane?" Basi lawama inaanza kutafuta pa kutua. Huyu anasema memori kadi ni feki. Yule anasema waya umechoka. Mwingine anasema kompyuta ina virusi, na fundi wa kukubali kulipwa ili aviondoe virusi hivyo hakosekani.

Niwatoe wasiwasi mapema. Faili likinakiliwa kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta, linafika kama lilivyo, namba kwa namba. Likiharibika njiani picha haiingii giza; inakatika nusu, inatoka mistari ya rangi za ajabu, au inagoma kufunguka kabisa. Hakuna kadi inayovuja mwanga. Kwa hiyo picha ya kwenye kamera na ya kwenye kompyuta inaweza kuwa ileile moja, na bado macho yenu hayakusema uongo: tofauti mliiona kweli. Nataka tuitafute inakotoka. Na nataka tuone kwa nini, kila inapotokea, wa kwanza kuumia ni mwenye ngozi nyeusi kama yangu.

Kiini cha jambo ni hiki. Ndani ya faili la picha hamna kung'aa wala giza. Mna namba. Kila nukta ya picha ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, na katika JPEG ya kawaida kila namba iko kati ya 0 na 255. Mwanga unaletwa na kioo kinachozisoma namba hizo. Kioo kimoja kitaisoma 255 kwa kutoa kandela 80 kwa kila mita ya mraba, kingine kitatoa 300, na simu mpya ya bei mbaya ikiwa juani itapita 1,000. Namba ni ileile. Ukiniuliza ni kipi kati ya vioo hivyo kinaonyesha picha "yenyewe", nitakujibu kwamba picha yenyewe hakuna aliyewahi kuiona.

Wazee wetu wa chumba cha giza hawakuwa na ugomvi huu. Nenda Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mpigapicha wa zama zile alikata ukanda mwembamba wa karatasi, akaumulika kwa vipande, sekunde chache hapa, sekunde zaidi pale, akautia kwenye dawa, akachagua. Mteja hakuona chochote mpaka picha iwe karatasi mkononi, na weusi na weupe wa karatasi ile ulisafiri nayo mpaka kwa shangazi aliyetumiwa. Kamera ya leo inamwonyesha mteja picha mara mbili, tatu, nne, kila mara kwenye kioo tofauti, halafu tunashangaa kwamba anazilinganisha.

Tuanze na jicho, maana ndilo linalosahaulika. Jua la saa sita mchana likiwaka bila wingu linafikisha takribani laksi 100,000, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaokiangukia kitu. Ofisi yenye taa nzuri ina laksi 300 hadi 500. Sebule ya jioni haifiki 200, na ukumbi wa harusi, taa zikishapunguzwa maharusi waingie, unabaki na makumi machache tu. Jicho linayamudu yote hayo kwa kujirekebisha: mboni inatanuka na kusinyaa, na retina yenyewe inabadili wepesi wake. Uwezo huo unaotuokoa tusijikwae gizani ndio unaolifanya jicho kuwa kipimo kibovu cha mwanga. Jicho halikwambii mwanga ni kiasi gani. Linakwambia umezidi au umepungua kuliko ule liliouzoea dakika chache zilizopita.

Sasa chukua kioo cha inchi tatu mgongoni mwa kamera, kilichotengenezwa kisomeke hata nje mchana. Ukumbini, MC akiwa amezima taa, kioo hicho ni taa. Jicho limeshazoea giza, na picha yako inaonekana inawaka. Unarudi studio, umewasha tyubu mbili, nyuma ya kompyuta kuna dirisha, na namba zilezile zinaonekana zimepooza. Tena si mwanga pekee unaokuchezea. Mwaka 1952 R. W. G. Hunt, aliyekuwa akifanya kazi Kodak nchini Uingereza, alionyesha kwamba rangi ileile tunaiona imekolea zaidi mwanga wake ukiongezeka. Miaka kumi na moja baadaye S. S. Stevens wa Chuo Kikuu cha Harvard na mwenzake walionyesha jambo la jirani yake: mwanga ukipanda, tofauti kati ya cheupe na cheusi nayo inaonekana imekuwa kubwa. Kwa hiyo kioo kikali gizani kinakuuzia vitu vitatu kwa pamoja: mwanga, rangi iliyokolea, na picha iliyokaza. Ukifika studio unapokonywa vyote vitatu, nawe unasema "imeingia giza" kwa sababu hilo ndilo la haraka kusemeka.

Na kioo kikiwa kidogo kinaficha. Picha ya megapikseli 24 iliyobanwa kwenye inchi tatu haionyeshi vivuli vilivyoko chini ya kidevu wala weusi ulioziba tundu za macho. Unaona uso, tabasamu, vito. Unapita.

Lalamiko hili lina upande wa pili ambao hausemwi sana. Nenda ufukwe wa Nungwi au Diani saa saba mchana, piga, kisha angalia kioo: hakisomeki, picha inaonekana nyeusi. Unaongeza ekspoja. Jioni unafungua kompyuta, mchanga umeungua, weupe mtupu, hauna hata alama ya unyayo. Ni jicho lilelile likikosea kwa kuelekea upande wa pili. Sababu ya kutolalamikiwa nadhani mnaijua: mtu akitoka mweupe kupita kiasi kwenye picha, kwetu kuna wanaolipia.

Dawa ya sehemu hii ni ya bure. Kamera nyingi zina mpangilio wa mwangaza wa kioo, na baadhi zina wa kujirekebisha zenyewe. Uzimeni ule wa kujirekebisha. Wekeni katikati, muuache hapohapo mwaka mzima, usiku na mchana, jicho lijifunze kioo hicho.

Sasa namba, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nimefundisha fizikia miaka mingi na mazoea yana taabu. Ukimuuliza mtu 128 ni mwanga kiasi gani kati ya 0 na 255, atakwambia nusu. Si nusu. Ni kama asilimia 22 tu ya mwanga wa 255. Jicho linatofautisha vivuli kwa umakini kuliko linavyotofautisha mianga mikali, kwa hiyo waliobuni mfumo walivipa vivuli namba nyingi na mianga namba chache. Bahati njema, runinga za zamani zenye mgongo mrefu nazo zilikuwa na tabia ya kufanana na hiyo: umeme ukiongezeka kidogo chini, mwanga ulipanda polepole, ukiongezeka juu, mwanga uliruka. Mkunjo huo ndio unaoitwa gama.

Kwa miaka mingi dunia ya kompyuta ilikuwa na gama mbili. Kompyuta za Apple zilitumia 1.8, ili kioo kifanane na kazi zilizotoka kwenye printa za kampuni hiyo. Kompyuta za Windows zilikaa karibu na 2.2. Picha iliyotengenezwa ikapendeza kwenye Mac ilifika Windows ikiwa imezama. Mwaka 1996 HP na Microsoft walipendekeza kipimo cha pamoja, sRGB, kikawa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Apple yenyewe iliihamia 2.2 mwaka 2009, kwenye toleo la Mac OS X 10.6.

Ugomvi ule umekwisha, ila hesabu yake inafaa kutazamwa kwa karibu. Chukua nukta mbili za picha ya harusi: gauni la bibi harusi lenye namba 230, na shavu lake, upande usioelekea taa, lenye namba 80. Kwa gama 1.8, gauni linatoa asilimia 83 ya mwanga wa kioo, na kwa 2.2 linatoa asilimia 80. Hakuna atakayeiona tofauti hiyo. Shavu linatoka asilimia 12 na kitu hadi chini kidogo ya 8. Limepoteza zaidi ya theluthi ya mwanga wake wakati gauni limekaa palepale. Sifuri haikubadilika, 255 haikubadilika. Aliyezama ni aliye katikati na chini. Ndiyo maana mtu akiitazama haraka picha kama hii anasema weupe uko sawa, mwanga uko sawa, labda huyu bibi harusi ndivyo alivyo. Sivyo alivyo.

Siku hizi kinachotupa gama mbovu ni kioo chenyewe. Mwenye laptopu ya bei ya chini humu ndani aifungue sasa hivi, aweke picha ya mtu mweusi aliyevaa suti nyeusi, halafu ainamishe kioo mbele na kukirudisha nyuma taratibu. Kama ni kioo cha aina ya TN, ambacho kilijaa kwenye laptopu za bei nafuu, mtaliona koti likimeza kola, kisha likiitapika. Hakuna namba iliyobadilika. Kilichobadilika ni pembe kati ya jicho lako na fuwele zilizoko ndani ya kioo. Ukikaa kwenye kiti kirefu unaediti picha moja, ukikaa kwenye kiti kifupi unaediti nyingine. Vioo vya IPS vina nafuu kubwa, na kama una fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu studio mwaka huu, badilisha kioo kabla hujanunua lenzi ya pili. Najua wauza lenzi hawatanipenda.

Kuna pia suala la nafasi ya rangi. Picha iliyopigwa kwa Adobe RGB ikafunguliwa na programu isiyojua kuisoma hutoka imechujuka rangi, na mtu akaiita nyeusi. Kama huna sababu maalumu, weka kamera kwenye sRGB, tuendelee.

Nimefika kwenye sababu inayowasumbua zaidi vijana wanaopiga faili ghafi, wale waliokwisha kuambiwa kwamba mpigapicha wa kweli hapigi JPEG. Anafungua picha kwenye Lightroom. Picha inatokea inang'aa, kama alivyoiona kwenye kamera. Anahesabu moja, mbili, na mbele ya macho yake inasinyaa na kuwa nyeusi. Hapo ndipo wengi wanapoamini kwamba programu imeiharibu.

Faili ghafi si picha bado. Ni unga, JPEG ni ugali uliokwisha kusongwa. Kamera haiwezi kukuonyesha unga kwenye kioo chake, kwa hiyo kila unapobonyeza inasonga ugali mdogo kwa mapishi ya kiwandani, ya Nikon au Canon au Sony, na kuuweka ndani ya faili hilohilo ghafi. Huo ndio unaouona mgongoni mwa kamera, na huo ndio Lightroom inaokuonyesha sekunde ile ya kwanza. Kisha inautupa, inachukua unga, inasonga wake kwa mapishi yake.

Tofauti ya mapishi peke yake isingeleta giza kubwa. Kinacholeta giza ni huduma ambazo kamera inafanya bila kukwambia sana. Nikon wanaiita Active D-Lighting, Canon wanaiita Auto Lighting Optimizer, Sony wanaiita Dynamic Range Optimizer. Zote tatu zinainua vivuli kwenye JPEG ili uso uliofichwa na kofia utokeze. Ile ya Nikon inakwenda hatua moja mbele: inaweza kupunguza ekspoja ili mawingu na gauni visiungue, halafu inavipandisha vivuli wakati wa kutengeneza JPEG. Lightroom haizisomi amri hizo. Inachukua faili lililopigwa kwa mwanga uliopunguzwa, wala hailipandishi, kwa sababu hakuna aliyeiambia ilipandishe. Fungua faili hilohilo kwa NX Studio ya Nikon, au la Canon kwa Digital Photo Professional, utaiona picha ikirudi karibu sana na ile uliyoiona ukumbini.

Ushauri wangu hapa hauna pande mbili. Kama unapiga faili ghafi na unaediti kwa programu ya nje, zima huduma hizo zote, uione kwenye kamera picha iliyo karibu na utakayoikuta. Kama unapiga JPEG na kukabidhi usiku huohuo, ziache ziwake. Zinakufanyia kazi vizuri, na hakuna aibu kukabidhi JPEG. Aibu ni kukabidhi faili ghafi ulilosonga vibaya.

Wenye kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani wana mtego wao. Dirisha la kutazamia la kamera hizo ni skrini ndogo, na linaweza kukuonyesha ekspoja kama itakavyotoka. Ukifunga flashi ya studio, mara nyingi unalizima onyesho hilo, la sivyo unatazama weusi mtupu. Tangu hapo dirisha linakuonyesha kila kitu kiking'aa, iwe flashi imelia au haikulia. Mtu anasema "niliiona iko sawa". Aliona sawa kitu ambacho hakikuwa picha.

Nirudi kwa bibi harusi, kwa sababu nimemwacha na shavu lenye namba 80.

Kipima mwanga cha kamera kimefundishwa kuuona ulimwengu kama kijivu cha wastani, kitu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ngozi nyeupe inarudisha takribani mara mbili ya hapo. Ngozi nyeusi iliyokolea inaweza kurudisha asilimia 10 au pungufu. Uso mweusi peke yake ukijaza fremu, kamera inajitahidi kuufanya kijivu, na inaongeza mwanga kupita kiasi. Tatizo ni majirani: shela, gauni, mapambo meupe ya jukwaa, dirisha nyuma. Kamera inauona weupe huo wote, inashtuka, inapunguza mwanga kwa wote. Sasa fuateni namba. Ngozi inayorudisha asilimia 35 ya mwanga, kwenye sRGB iliyopimwa sawasawa, inakaa kwenye namba 160. Ekspoja ikipungua stopu moja, yaani mwanga ukibaki nusu, inashuka hadi 116, na bado ni uso. Ngozi inayorudisha asilimia 8 inaanza kwenye 80, na stopu moja inaipeleka 56. Stopu mbili, 39. Kwenye laptopu ya TN iliyoinamishwa vibaya, mbele ya dirisha, 39 na sifuri ni kitu kimoja.

Hapa kuna historia. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak iligawa kwa maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke mweupe. Kadi ikajulikana kwa jina la Shirley, na akina Shirley wakafuatana, weupe, kwa miongo mingi. Fundi wa maabara aliifanya Shirley itoke vizuri, akaamini mashine iko sawa, nawe mwenye ngozi nyeusi ukipita baada yake ukatoka meno na macho tu. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada aliyeandika habari hizi mwaka 2009, anaeleza kwamba moja ya misukumo ya kuirekebisha filamu ilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kwamba kahawia za bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Jean-Luc Godard, mwongozaji filamu aliyekwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kazi ya televisheni ya nchi hiyo iliyotoka kupata uhuru, anakumbukwa kwa kuikataa filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi.

Kihisi cha kamera ya leo hakina Shirley. Kinahesabu mwanga: ukiwa mara mbili, namba ni mara mbili. Nawasikia wanaosema teknolojia hii nayo inatuchukia, na siwafuati mpaka mwisho. Yaliyobaki yako kwenye kipima mwanga, kwenye mkunjo wa kiwandani, na zaidi ya yote kwenye desturi yetu ya kuangalia gauni kwanza na uso baadaye. Google walipoitoa Pixel 6 mwaka 2021 walitangaza huduma waliyoiita Real Tone, iliyorekebisha upimaji wa mwanga na wa rangi kwa picha za watu wa ngozi mbalimbali. Jambo jema. Lakini mpigapicha mwenye kamera ya kawaida ana kitufe cha kupima kwa nukta, na kitufe hicho kilikuwepo miaka mingi kabla ya 2021. Pima shavu. Weka uso unakotaka ukae. Halafu angalia kama gauni linapepesa alama ya kuungua, na kama linapepesa, punguza kidogo au sogeza taa.

Kwa nini tusipige gizani tukapandisha baadaye? Kwa sababu ya chenga. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Stopu ya juu kabisa peke yake inachukua nusu, ngazi 8,192. Inayofuata 4,096, kisha 2,048, na kila ukishuka unapata nusu ya iliyotangulia, huku mwanga wenyewe uliofika kwenye kihisi ukizidi kuwa haba. Uso mweusi uliopigwa stopu mbili chini unaishi kwenye orofa za chini, penye ngazi chache na mwanga mdogo, na ukiuvuta juu unauvuta pamoja na chenga zake. Wenye ngozi nyeupe wana akiba. Sisi hatuna, kwa hiyo tupige sawa.

Histogramu, ule mchoro wa namba za picha, ndiyo itakayokusaidia kupiga sawa ukumbini. Inachorwa kutokana na ile JPEG ndogo, si faili ghafi, kwa hiyo nayo ina mapishi ndani yake. Lakini haidanganywi na taa za MC. Jifunzeni nundu ya uso inakaa wapi. Gauni linakaa kulia, suti ya bwana harusi kushoto, na nundu ya tatu, ndogo, ndiyo mliyolipwa kwa ajili yake.

Kuna kosa moja linalozaliwa na lalamiko hili, na ni kubwa kuliko lalamiko lenyewe. Mtu anaona picha nyeusi kwenye laptopu, anapandisha mwangaza wa laptopu hadi mwisho. Picha inapendeza. Anaipeleka kusafishwa, inarudi nyeusi kama mkaa, anagombana na watu wa maabara. Fanyeni hesabu nami. Karatasi haina mwanga wa ndani. Inarudisha ule unaoipiga, na karatasi nyeupe nzuri inarudisha kama asilimia 90. Hata kwenye sebule yenye laksi 200, weupe wa karatasi hiyo unafikia kandela 57 hivi kwa mita ya mraba. Laptopu iliyopandishwa mwisho inatoa 250, 300. Umeediti kwa mwanga mara tano ya ule mteja atakaoitazamia picha yake ukutani. Wanaofanya kazi ya kusafisha picha kwa makini huweka kioo kati ya kandela 80 na 120. Kifaa cha kupimia kioo kipo madukani, na watu watatu wanne mnaweza kuchanga na kukizungusha. Asiyekuwa nacho aipeleke maabara picha moja tu, karatasi ikirudi aishike kando ya kioo, kwenye taa ya kawaida, ashushe mwangaza wa kioo mpaka vifanane. Kisha aweke alama ya kalamu ya wino pale ulipofika, na watoto wasiguse.

La mwisho ni simu, kwa sababu lalamiko limehamia huko na wengi hamjagundua kwamba ni lilelile. Picha inayopigwa kwa simu mpya huhifadhiwa ikiwa na ramani ya pili ndani yake, inayoiambia skrini sehemu zipi ziwake kupita weupe wa kawaida: taa, kioo cha gari, jua juu ya paji la uso. Simu za iPhone zimekuwa zikifanya hivyo kwa miaka kadhaa, na Android iliupokea mtindo huo kwenye toleo la 14, mwaka 2023, kwa jina la Ultra HDR. Kwenye simu hiyo picha inawaka. Itume kwa programu inayoibana na kuitupa ramani, au ifungue kwenye kompyuta isiyoijua, na kinachobaki ni picha ya msingi, imepooza. Hapa hamna mpigapicha wa kulaumiwa wala kioo kibovu: sehemu ya picha kweli haikufika. Ndiyo mara pekee jioni hii ninapowakubalia kwamba kuna kitu kilipotea njiani.

Kwa hiyo kabla ya kukabidhi kazi, azimeni simu ya kawaida, ya bei ya chini, isiyo na mbwembwe hizo. Wekeni mwangaza wake katikati, kaeni ndani ya chumba chenye taa moja, fungueni picha tano: ya ukumbini, ya nje, ya jukwaa jeupe, ya kikundi, na ya uso wa bibi harusi pekee. Simu ya shangazi iliyonunuliwa Dubai itazipendezesha zote, hivyo isitumike. Mkiona kwenye hiyo ya bei ya chini kwamba shavu la upande wa kivuli linatengana na shingo, na nywele zinatengana na pazia, kabidhini, mdai na salio lenu lililobaki.